Kidonda cha sikio kinapona na kurudi, na nyumbani wanasema tungoje mgao wa Desemba

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Nansio, Ukerewe. Nina miaka 33, ni mama wa watoto wawili, na ni mtu mwenye ualbino. Binti yangu wa kwanza, Neema, yuko darasa la pili na yeye ni kama mimi. Kazi yangu ni dagaa. Tuko kikundi cha wanawake, tunanunua mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi, tunaanika, tunageuza, jioni tunakusanya na kujaza magunia ya kupeleka soko la Kirumba, Mwanza.

Tangu kabla ya Krismasi nina kidonda juu ya sikio la kushoto, pale kwenye ukingo. Kilianza kama kigamba kidogo. Nikakikwangua kwa kucha, kikatoa damu, kikafanya kigaga. Kigaga kikidondoka nasema haya, kimepona. Wiki haiishi kimerudi, na kila kinaporudi kinakuwa kipana zaidi. Masika imeisha na bado ninacho. Siku hizi siwezi kulalia upande ule. Nikifunga kilemba kinanata, nikifungua ni damu. Mikononi na kwenye paji la uso nina vigamba vingine vikavu, ila hivyo ni vya miaka mingi, sikuvijali.

Sikukaa tu, Mama. Duka la dawa walinipa tyubu, wakasema ni ya fangasi na muwasho pamoja. Wekundu ukapungua nikafurahi. Baadaye nikaenda kituo cha afya kimoja nikaandikiwa amoksilini. Kidonda kikakauka mpaka nikamwonyesha Baba Neema, kisha kikafumuka tena. Aliyenihudumia hakunigusa sikio wala hakuniuliza limeanza lini.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe anamjua mzee mmoja anayechoma vidonda sugu kwa chuma cha moto na kupaka unga mweusi, anasema ameponya wengi. Baba Neema si mtu mbaya, anataka nitibiwe, ila anasema huku hakuna daktari wa mambo haya, tungoje mgao wa kikoba Desemba twende Dar es Salaam moja kwa moja. Na mwenzangu mmoja kikundini ameniapia kwamba kidonda cha namna hii kikiguswa na kisu tu, kinasambaa mwili mzima. Jirani yake alipasuliwa na hakumaliza mwaka.

Nikuambie ukweli, naogopa. Naogopa kuambiwa saratani. Naogopa kukatwa sikio, maana macho yangu ni ya miwani, na miwani bila sikio nitaivalia wapi? Naogopa pia safari. Tangu ile miaka ya kuwindwa sisi, sipandi chombo peke yangu, na sipendi watu wajue naenda wapi na narudi lini.

Naomba unisaidie, Mama. Je, hii ni saratani? Hapa hapa kanda ya ziwa kuna mahali pa kupima na kutibu, au kweli mpaka Dar? Hela nitatoa wapi? Na mafuta ya kujikinga na jua, naruhusiwa kupaka juu ya kidonda?

Mama Neema, Nansio

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Desemba, maana ndiyo iliyonikosesha raha niliposoma barua yako. Usiingoje. Kidonda kwenye ngozi yenye ualbino kikizidi mwezi mmoja bila kupona, hicho ni cha kupimwa, si cha kubadilishiwa dawa. Chako kina nusu mwaka, kinatoka damu, kinauma, kinapanuka, na kipo kwenye ukingo wa sikio, mahali ambapo jua linapiga kuanzia asubuhi. Ukiongeza nusu mwaka mwingine, utakuwa umekipa muda wa kutosha kulila sikio zima na kuanza kutafuta tezi za shingo.

Kama ni saratani, mimi siwezi kusema kwa barua, na daktari anayekitazama kwa macho tu naye atakuwa anakisia, hata kama anakisia vizuri. Jibu linatoka kwenye kinyama: wanachoma ganzi, wanakata kipande kidogo, kinawekwa kwenye dawa ya kukihifadhi na kupelekwa patholojia, huko kinaangaliwa kwa hadubini. Mpaka hapo, neno la mtu yeyote, liwe la kukutisha au la kukutuliza, usilibebe. Ila nisikufiche: dalili ulizoziandika ndizo zile zile zinazowafanya madaktari waharakishe.

Zile dawa hazikukudanganya kwa bahati mbaya. Tyubu za mchanganyiko za madukani nyingi zina steroidi ndani. Steroidi inazima wekundu na muwasho, kwa hiyo ngozi inaonekana imetulia huku kilichoko chini kinaendelea na safari yake, na ngozi yenyewe inazidi kuwa nyembamba. Amoksilini nayo iliua vijidudu vilivyokuwa vimevamia juu ya kidonda, ndiyo maana kikakauka. Haikugusa chanzo. Kwa hiyo kidonda chako hakikuwahi kupona hata siku moja, kilikuwa kinafunikwa. Acha tyubu leo. Kioshe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, paka vaselini kidogo ili kilemba kisinate, funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, wala unga, na tafadhali usisikilize mtu atakayekuletea maji ya betri. Tyubu uliyotumia usiitupe, nenda nayo hospitali waione.

Sasa hili la kisu, kwa sababu ndilo linaloua watu wetu. Mwenzako hakutunga, jirani yake kweli alipasuliwa na kweli alikufa. Lakini muulize alikaa na kidonda muda gani kabla ya kupasuliwa. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi pale. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 30, yaani ni watu wa rika lako, si wazee. Na muda wa kati waliokaa na ugonjwa kabla ya kufika ulikuwa miezi 24. Miaka miwili! Sababu iliyowachelewesha zaidi ilikuwa fedha. Mtu akifika baada ya miaka miwili, ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye tezi, akipasuliwa na kufa, kijiji kinakumbuka kisu na kusahau ile miaka miwili. Kukatwa kinyama hakusambazi ugonjwa wa namna hii. Kinachousambaza ni kuuacha.

Kuna habari njema katika taarifa ile ile. Robo tatu ya wagonjwa walikuwa na aina inayoitwa skwamasi, inayoanzia tabaka la juu la ngozi. Aina hiyo ikiwahiwa ikiwa ndogo, kuitoa kwa upasuaji mara nyingi ndiyo tiba yenyewe, bila dripu za saratani na bila kukaa wodini kwa muda mrefu.

Uliuliza uende wapi. Nikujibu kwa ramani unayoijua.

Anzia Nansio, hospitali ya wilaya, na uombe kumwona daktari. Usikae kwenye benchi ukingoje wakuulize, maana umeshaona matokeo yake. Ukiingia tu sema: "Mimi ni mtu mwenye ualbino, nina kidonda sikioni tangu kabla ya Krismasi, kinatoka damu, nimetumia dawa hizi hazikusaidia, naomba kikatwe kinyama kipimwe au nipewe rufaa." Sema hivyo hivyo. Vua kilemba, mwonyeshe sikio, halafu mwombe akupapase nyuma ya sikio, chini ya taya na pembeni mwa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Asipokupapasa, mkumbushe kwa adabu. Huo si ujuaji, huo ni mwili wako.

Kutoka hapo rufaa inakuvusha ziwa. Mwanza mjini kuna Sekou Toure, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kule juu kilimani kuna Bugando, hospitali ya kanda nzima ya ziwa. Mimi ningeomba ya Bugando, kwa sababu moja tu: pale wapasuaji, patholojia na idara ya saratani viko kwenye kilima kimoja, na hata mionzi siku hizi inatolewa pale pale, haikulazimu kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kama ilivyokuwa zamani. Lakini kama bima yako ni ile kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, jua kwamba ngazi yake ya mwisho imekuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Basi pita Sekou Toure kwanza, waone kama wanaweza kukitoa wenyewe, na ikibidi wao ndio wakuandikie kupanda. Muhimu ni kuwa na karatasi ya rufaa mkononi. Bila karatasi utazungushwa, na utalipa zaidi.

Siku za kliniki hubadilika. Kabla ya kukata tiketi mwombe daktari wa Nansio apige simu kuuliza kliniki ya ngozi au ya upasuaji ni siku gani wiki hiyo. Mgonjwa kutoka kisiwani kufika Ijumaa mchana na kuambiwa arudi Jumatatu, huo ndio ulikuwa mwanzo wa wengi kukata tamaa.

Mweleze Baba Neema kwa upole kwamba Dar si lazima. Anavyoona yeye ni kwamba kikubwa kiko mbali, na ni mawazo ya wengi. Kuna kituo kimoja cha mbali ninachokiheshimu sana kwa habari za ngozi zenu, nacho ni kile cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Huko ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, mafuta ya kujikinga na jua yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini kwa kidonda kimoja cha sikio huna haja ya kwenda Moshi. Unahitaji Mwanza, mapema.

Kuhusu sikio lenyewe. Kidonda kikiwa bado ni cha ukingoni, mpasuaji anakitoa pamoja na milimita chache za ngozi nzima kukizunguka, kisha anazileta kingo pamoja na kushona. Sikio linakuwa dogo kidogo kuliko mwenzake, na chini ya kilemba hakuna atakayejua. Mguu wa miwani unakaa kwenye lile bonde ambapo sikio linaungana na kichwa, hauning'inii kwenye ukingo. Kwa hiyo ukiwahi, miwani yako ina mahali pake. Na hata ingetokea wakate sehemu kubwa, miwani hufungwa kwa kamba ya kuzunguka kisogo. Muulize mpasuaji swali hili la miwani kabla ya ganzi, ajue unaihitaji kufanya kazi.

Baada ya upasuaji wengi hushukuru Mungu na kurudi nyumbani, na hapo ndipo wanapokosea. Kilichokatwa nacho kinapelekwa patholojia. Uliza majibu yatatoka tarehe gani, andika, na urudi kuyachukua au umtume Baba Neema na karatasi yako. Swali la kuuliza siku hiyo ni moja: kingo ziko safi? Maana yake, je, ugonjwa umeisha kabla ya kufika mwisho wa nyama iliyokatwa, au umebaki? Zikiwa safi, utakuwa unarudi kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Zisipokuwa safi, watakata tena kidogo au watakupa mionzi. Omba nakala ya majibu, ipige picha kwa simu. Makaratasi ya hospitali na maji ya ziwa havipatani.

Vile vigamba vya mikononi na usoni ulivyovipitia kwa sentensi moja, mimi nimevisoma kwa makini. Pitisha kidole. Vikikwaruza kama msasa, hiyo ni ngozi iliyoharibiwa na jua, na baadhi ya vigamba hivyo ndivyo huja kugeuka kidonda kama hicho cha sikio. Vyenyewe bado si saratani, na matibabu yake ni mepesi: vinagandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika, dakika chache tu, vinachomachoma, vinafanya malengelenge na kudondoka. Au unapewa krimu maalumu ya kupaka kwa wiki kadhaa, ambayo ngozi itawasha na kuwa nyekundu kabla ya kupona, na daktari anapaswa kukuambia hivyo mapema usije ukaitupa. Usivikwangue kwa kucha. Na siku hiyo ya kliniki usionyeshe sikio peke yake. Mwombe daktari akuangalie kuanzia kichwani, masikio yote, midomo, shingo, mgongo wa mikono, miguu. Akiona haya, mwombe nesi wa kike awepo.

Tena kwenu Ukerewe mna bahati ambayo wilaya nyingine hazina. Shirika la Standing Voice limekuwa likiendesha kliniki za ngozi za kutembelea huko visiwani, wanakagua, wanagandisha vigamba, wanagawa Kilisun. Mtafute kiongozi wa Chama cha Watu Wenye Ualbino wa wilaya yako, muulize kliniki ijayo ni lini, wewe na Neema mwandikishwe. Lakini usifanye kosa la kuungojea msafara huo kwa ajili ya sikio. Vigamba vinaweza kungoja kliniki ya kutembelea. Sikio haliwezi.

Hela. Saratani imo kwenye orodha ya magonjwa sugu ya sera ya msamaha wa matibabu, ila kati ya sera na dirisha la malipo pana safari ndefu. Ifupishe hivi. Kabla hujaondoka, chukua barua ya mtendaji wa kijiji au kata yako inayoeleza hali yako ya kipato na kwamba una ualbino. Ukifika hospitali, kabla hujafika kwa mhasibu, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, ingia na barua. Wao ndio wenye mamlaka ya kupendekeza msamaha, wote au nusu, na ni rahisi kusaidiwa kabla deni halijaandikwa kuliko baada ya hapo.

Halafu kikoba. Kwa nini mnazungumzia mgao tu? Vikoba karibu vyote vina mfuko wa jamii, ile senti ndogo mnayotoa kila mkikutana kwa ajili ya misiba na magonjwa. Sasa huo ugonjwa ni upi kama si huu? Omba kutoka huko. Mfuko usipotosha, chukua mkopo mdogo dhidi ya hisa zako, utakatwa Desemba. Nina hakika wenzako hawajui kwamba una jambo la haraka, kwa sababu umewaambia "kakidonda". Waambie neno lake: nimeandikiwa rufaa.

Na wakati wa kwenda unaujua kuliko mimi. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wa dagaa hawatoki, au wanatoka na kurudi na ndoo tupu. Siku hizo mwaloni hakuna biashara. Ndizo siku zako za Bugando, hutapoteza hata gunia moja. Mbalamwezi ijayo, mwanangu, si ile inayofuata.

Hofu yako ya safari siidharau. Mimi pia ni wa ukanda huu, naikumbuka ile miaka. Nenda na Baba Neema, safirini mchana, iwe kwa meli ya Nansio hadi Mwanza au kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya na basi kupitia Bunda. Mtu wa kulala kwake mjini mpangilieni mapema, awe ndugu au mtu wa chama. Yeyote mtakayekutana naye bandarini akijitolea kuwapeleka kwa "daktari anayemjua", mshukuruni na mchukue bajaji yenu. Si lazima sokoni wajue tarehe, mwenyekiti wa kikundi akijua inatosha. Ila nikuombe pia uipime hofu hiyo na nyingine. Saratani ya ngozi imewaondoa watu wenye ualbino wengi sana wakiwa vijana, na hiyo haihitaji usafiri, inawafuata mwaloni wanakofanya kazi.

Mama mkwe usimgombeze. Anakupenda, angekuwa hakupendi asingehangaika. Mwambie: "Mama, nimesikia, lakini nyama ikishachomwa, daktari hataweza tena kupima kilichokuwepo. Niache nipimwe kwanza." Ni kweli tupu, na inamwachia heshima yake. Kidonda kilichochomwa kwa chuma hufunga juu, ugonjwa ukabaki chini unachimba, na kovu linamficha hata mpasuaji asijue akate mpaka wapi. Hilo la chuma nalikataa kabisa, sina njia ya katikati.

Tuje kwenye kazi, maana ukitibiwa sikio na kurudi kusimama kwenye vichanja saa sita mchana, tutaandikiana tena. Miale mikali ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na mchanga na maji hurudisha sehemu yake usoni kwako hata ukiwa umeinama. Wingu nalo halizuii vya kutosha. Gawaneni kazi kikundini: wewe chukua ununuzi wa alfajiri, kupima, hesabu, na ukusanyaji wa jioni na kufunga magunia. Kugeuza mchana wafanye wengine. Hutakuwa unapendelewa, alfajiri ile ya baridi nani anaitaka? Ukilazimika kutoka, vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito. Kishike kitambaa juu kuelekea mwanga, ukiona vidole vyako ng'ambo basi na jua linakuona. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote. Kapelo inafunika paji la uso na kuyaacha masikio na shingo nje, na ukiwatazama wenzetu wengi wenye vidonda, viko hapo hapo. Kila Juni 13, siku ya kimataifa ya ualbino, nawaona viongozi wakigawa kapelo zenye nembo mbele ya kamera. Nikipata nafasi ya kusema nao nitawaambia wapunguze nembo, waongeze ukingo.

Neema naye. Kwa shuleni mwandikie mwalimu mkuu, au nenda mwenyewe: aruhusiwe kofia na mikono mirefu hata kama sare ni mifupi, michezo yake iwe kivulini, na akae mbele karibu na ubao. Ngozi yake bado ni nzima. Vigamba ulivyo navyo wewe vilianza kutengenezwa ukiwa na umri wake, kwa hiyo mpeleke naye akaguliwe hata kama haumwi popote.

Na swali lako la mwisho. Mafuta ya kujikinga na jua yapake kuzunguka kidonda, kwenye ngozi nzima, si juu ya kidonda kilicho wazi, hapo weka kitambaa. Yapake nusu saa kabla ya kutoka, kwa wingi, na uyarudie kila baada ya saa mbili kwa sababu jasho linayaondoa. Vaselini na mafuta ya nazi yanalainisha tu, hayakingi. Kidonda kikishashonwa na kupona vizuri, kovu lenyewe nalo lipake kila siku, na ukiona kigamba kipya juu ya kovu hilo usingoje tarehe ya kliniki, rudi wiki hiyo hiyo.